Sebule ya kijivu imegeuka zambarau, korido haielewani na chumba chochote. Nianzie wapi?

MamaWatatu (Kibaha)

Wapendwa, habari za jioni. Nina jambo la nyumba linaninyima raha, na baba watoto ameshasema hataki kusikia tena neno rangi wakati wa kula.

Tumehamia kwetu mwezi wa pili. Vyumba vitatu, sebule imeungana na sehemu ya kulia chakula, jiko, na korido moja katikati. Tulijenga kidogo kidogo kwa miaka sita, kwa hiyo kila chumba kilipokamilika nilikichagulia rangi kulingana na hela iliyokuwepo na picha niliyoiona kwenye simu wiki hiyo. Matokeo ni haya: sebule kijivu, ukuta wa televisheni maruni, korido krimu, jiko kijani kile cha tufaha bichi, chumbani kwetu zambarau ya mbali, na kwa watoto nusu pinki nusu buluu, maana wasichana ni wawili na mvulana mmoja na hakuna aliyekubali kushindwa. Kila rangi nikiitazama peke yake naipenda. Shida ni zikikutana.

Mama mkwe alikuja Pasaka. Akavua viatu, akasimama pale mlangoni, akageuza shingo kushoto na kulia, akasema, "Hee, kumbe mmefungua chekechea?" Akacheka, nami nikacheka, lakini usiku sikulala.

Kinachonichanganya zaidi ni kile kijivu. Kwenye kadi ya dukani ni kijivu safi kama majivu ya mkaa. Ukutani asubuhi kina ubuluu, jioni taa zikiwashwa kinakuwa zambarau kabisa. Nilirudi dukani nikidhani wamekosea kuchanganya. Yule kijana akachovya kidole kwenye kopo nililobakiza, akapaka tone juu ya kadi, tukasubiri likauke. Likawa lilelile, hata huoni lilipo. Kwa hiyo duka halina kosa. Basi kosa liko wapi?

Vitu ambavyo sina uwezo wa kuvibadilisha: sakafu yote ni marumaru za rangi ya maziwa zenye mishipa ya kahawia, milango ni ya mninga imepigwa vanishi, dari ni jipsamu nyeupe. Kochi ni rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Jiko linaangalia magharibi. Kwa sasa uwezo wangu ni ndoo moja ya lita 20, labda na kopo moja la lita 4 mwezi ujao. Kupaka nyumba nzima upya sahau. Nisaidieni.

KakaTajiri_wa_Mbezi

Paka nyeupe nyumba nzima, funga mjadala. Nyeupe inakubaliana na kila kitu. Mimi nimefanya hivyo na sijajuta.

FundiKopo

Dada, pole. Mimi ni fundi rangi, nimeshika brashi tangu 2004, na kisa kama chako nimekikuta nyumba nyingi. Hicho kijivu hakina ubaya wowote. Umekipa majirani wasiopatana nacho.

Wateja wangu huwa nawaambia kila rangi ina damu yake. Kijivu kinachochanganywa na mashine ya dukani si nyeupe na nyeusi tu. Ndani kuna matone ya buluu, au ya kijani, au ya njano, au ya udongo. Kwenye kadi ndogo hiyo damu imejificha. Ukitaka kuitoa, laza kadi juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia, halafu weka kijivu kingine pembeni yake, na kingine tena. Hapo hapo utasema mwenyewe: huyu ana ubuluu, huyu ana utope. Tazama pia rangi iliyokolea kuliko zote kwenye ukanda uleule wa kadi. Mara nyingi rangi hafifu ya juu ni mtoto wa ile ya chini, na mtoto damu yake ni ya mzazi.

Chako kina damu ya buluu, sina haja ya kukiona. Sasa kimezungukwa na nini? Mninga wenye vanishi unaelekea rangi ya chungwa. Chungwa na buluu ni mahasimu: jicho likishiba chungwa, kitu cha kijivu kilicho pembeni linakisoma kuwa buluu. Kwa hiyo milango yako inaukoleza ukuta kutwa nzima bila kuugusa. Usiku ndipo maruni inapoingia. Taa zikiwaka, ukuta wa televisheni unarusha wekundu wake kwa jirani, na buluu ikipokea wekundu unajua inazaa nini. Huniamini? Leo usiku chukua shuka jeupe, lifunike ukuta wote wa televisheni, kaa uangalie kijivu chako.

Kaka hapo juu, na wewe nakuuliza: nyeupe ipi? Mwaka 2011 nilipaka chumba Tabata, nyeupe tupu ya kwenye ndoo, bila tone. Kesho yake mwenye nyumba ananipigia simu, ananiambia nimemtilia pinki. Nikabisha kwa kiburi cha ufundi. Nilipofika saa nne asubuhi, kweli, chumba kizima kama kimetiwa tui lenye rangi nyekundu ya chakula! Nikachungulia dirishani: jirani ameezeka bati jekundu jipya, halifiki mita tatu kutoka pale, jua linaligonga na kuingia ndani. Tukatafuta nyeupe yenye damu ya kijani kidogo sana, pinki ikazimika. Rangi ya pili ile nilinunua kwa hela yangu, kwa hiyo somo silisahau.

Sasa kwako. Usianze na rangi unayoipenda, anza na kitu usichoweza kukibandua. Kwako ni marumaru na milango. Bila shaka mafundi walikuachia vipande vya marumaru. Chukua kimoja, tia kwenye mkoba, nenda nacho dukani. Usiende na picha ya simu, simu ina rangi zake. Weka kadi juu ya kipande chenyewe. Tafuta rangi inayofanana na lile eneo hafifu la marumaru, si ule mshipa, halafu shuka kwa hatua moja kuelekea mchanga mkavu. Ile nyeupe kali ya karatasi iache, itafanya sakafu yako ionekane imechakaa.

Kabla ya hapo fanya kazi moja ya bure. Kaa kwenye kochi, pale pale unapokaa siku zote, fungua milango yote, na andika kuta unazoziona bila kunyanyuka. Kisha simama mlango wa mbele, pale aliposimama mama mkwe, uandike tena. Kuta zilizo kwenye orodha hizo ndizo zinazogombana. Zambarau ya chumbani kwenu, kama haionekani, iache ilale. Ya watoto nayo, mlango si unafungwa? Waachie vita vyao.

Nina hakika orodha itakuwa na sebule, maruni, korido na kipande cha jiko. Nipe vipimo nikupigie hesabu. Na korido ipake rangi ileile ya sebule, ndoo ileile. Watu wakiona korido ina giza hukimbilia nyeupe kali, lakini nyeupe isiyopata mwanga inakuwa kama maji ya kuoshea vyombo.

BiMkubwa_Chumbageni

Mwanangu, fundi kasema vizuri, mimi naongeza la kikwetu. Niko Tanga, nimepaka nyumba yangu mara tatu kabla sijatulia.

Fungua kabati, toa khanga unayoipenda kuliko zote. Itandaze kitandani. Hesabu rangi. Utakuta mbili, tatu, ikizidi sana nne. Na angalia zilivyogawana: iliyo nyingi imeshika mji, yaani pale katikati, ya pili imejaa kwenye pindo, ya tatu kidogo tu, vidoa na pengine yale maandishi ya jina. Halafu angalia vizuri, rangi ya pindo utaikuta imepenya kidogo hadi katikati, na ya katikati imerudi kwenye pindo. Hakuna rangi iliyokaa peke yake kama mgeni asiyesalimiwa. Ndiyo maana khanga ina makelele na bado haiumizi macho.

Nyumba yako ni khanga sita zilizokatwa na kushonwa pamoja. Kosa si wingi wa rangi, ni kwamba hakuna rangi inayomtembelea mwenziwe. Mimi nilichofanya: kuta za sebule, korido na jiko rangi ya mchanga. Kijani changu cha jani la mgomba nilikiondoa ukutani nikakigawa. Mto mmoja wa kochi sebuleni, fremu ya kioo koridoni, mlango wa kabati jikoni. Ukipita unakutana nacho kila mahali kidogo kidogo. Maruni yako usiitupe. Itoe ukutani, itie kwenye mapazia au mito. Mninga ni ndugu yake, watapatana.

Na mama mkwe akija tena mpokee kwa chai ya tangawizi. Wangu alisema nyumba kama zahanati, na hapo nilikuwa nimepaka nyeupe tupu.

MamaWatatu (Kibaha)

Bi Mkubwa nimecheka mpaka mtoto kaamka. Asante sana.

Fundi, nimefanya ya shuka. Moja halikutosha, tumetundika mawili kwa misumari ya pazia, baba watoto ananiangalia kama nimepandwa na kitu. Wallahi zambarau imepungua zaidi ya nusu! Kimebaki kijivu chenye ubuluu. Nikalitoa shuka, ikarudi. Nimelitoa na kulirudisha mara tatu kama mtoto.

Ya kochi nayo: nikiwa nimekaa naona kuta za rangi NNE kwa pamoja. Sebule, maruni, korido, na jiko kupitia mlango. Chumbani kwetu sioni kitu. Vipimo: sebule na kulia chakula ni mita 7 kwa 4.5. Korido mita 6 kwa 1.2, ina milango sita. Urefu wa ukuta hadi dari mita 3.

FundiKopo

Safi. Sebule mzunguko ni mita 23, mara 3 unapata mita za mraba 69. Toa madirisha na milango, tuseme 13, inabaki 56. Korido mzunguko 14.4, mara 3 ni kama 43, toa milango na uwazi wa kuingilia, inabaki 31 hivi. Jumla 87. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 174. Kwenye ukuta uliopigwa skimu (ule ulaini wa juu ya plasta) vizuri lita moja naihesabia mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji kama lita 17 na nusu. Ndoo yako moja inatosha sebule, korido na kuizika maruni, na inabaki kidogo. Ila maruni usiipandie moja kwa moja, itachungulia. Ipige msasa mwepesi, kisha mkono mmoja wa praima nyeupe, ile rangi ya msingi. Lita moja na nusu hadi mbili za praima zinatosha ukuta huo.

Kabla ya kununua ndoo, nunua makopo madogo kabisa ya rangi mbili au tatu. Usijaribie ukutani, kile kijivu kitakudanganya tena. Chukua vipande vya maboksi au vya silingi bodi, sentimita 60 kwa 60, paka mikono miwili. Visimamishe wima, kwa sababu ukuta hausomwi ukiwa umelala. Viegemeze kwenye mlango wa mninga, kisha koridoni, kisha karibu na jiko. Tazama saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, na usiku taa zikiwaka. Siku tatu.

Na taa zako ni zipi? Wengi sebule wana ya njano, korido nyeupe ile ya baridi. Soma kwenye boksi: 3000K ni ya joto, 6500K ni ya baridi. Ukichanganya, rangi moja itaonekana mbili na utasema fundi kaiba ndoo.

Rangi iwe ya maji, silki. Ukiwa na watoto watatu, mati, ile isiyong'aa, itashika kila kidole cha mafuta. Lakini silki inang'aa kidogo, na mng'ao unafichua skimu mbovu. Usiku chukua tochi, ilaze ubavuni mwa ukuta, mulika. Kila kovu utaliona. Zibeni kabla, si baada.

Kisauni_Juu

Naongeza kutoka Mombasa. Hiyo ya kupaka korido na sebule rangi moja si mpya. Nimefanya kazi kwenye nyumba za kale za mawe kule Lamu. Ndani ni chokaa nyeupe kuta zote. Unatoka kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unaingia msana wa tini (ukumbi wa kwanza), kisha msana wa juu (ukumbi wa pili), kisha ndani, na kila hatua mwanga unapungua. Chokaa ni ileile lakini utaapa chumba cha mwisho kimepakwa rangi nyingine, kina ule utulivu wa ndani ya kifuu. Rangi waliiachia vyombo kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), mikeka na mbao.

Ila yeyote anayekaa nyumba ya mawe ya zamani asiige ndoo ya silki. Nyumba yetu ya urithi mimi mwenyewe niliipaka rangi ya mafuta chumba cha chini ili ifanane na juu kulikojengwa upya kwa bloku. Mwaka haukwisha, ukuta ukatoa malengelenge ukubwa wa sahani, ukiyabonyeza maji na chumvi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu chini na lazima upumue. Nilikwangua mwezi mzima, nikarudi kwenye chokaa. Chokaa unaweza kuitia rangi kidogo ya unga ikakaribiana na silki ya juu. Haiwi ileile, lakini ukipanda ngazi jicho linasamehe.

MamaWatatu (Kibaha)

Mrejesho. Nilienda dukani na kipande cha marumaru kwenye kipochi, yule kijana akaniuliza mama unataka kujenga humu? Tukaweka kadi juu yake. Ajabu, krimu niliyopaka koridoni, ambayo siku zote naiona nzuri, juu ya marumaru ilikuwa na unjano wa pembe la ng'ombe. Sikuwahi kuiona hivyo.

Nilichukua tatu, nikapaka maboksi. Mtoto wa mwisho aligeuza moja mashua kabla halijakauka, kwa hiyo tukabaki na mbili. Moja mchana ilikuwa nzuri, usiku koridoni ikawa na ukijani kama maji ya mtungi. Kumbe taa ya korido ni 6500K kama fundi alivyosema, sebule 3000K. Nimebadilisha taa, bado ile ya pili imeshinda. Ni rangi ya mchanga wa bahari uliokauka, na ukiiegemeza kwenye mlango, mninga unaonekana umepigwa vanishi jana.

Baba watoto karudi kazini, kaliona boksi limesimama kwenye ukuta wa televisheni. Kalitazama, kaenda kunawa, karudi kalitazama tena. "Ndoo yake bei gani?" Anayemjua mume wangu atajua hiyo ni ndiyo.

Rola zinaanza Jumamosi. Fundi, swali moja limebaki: lile kopo la lita 4 la mwezi ujao, kijani cha jiko nikifute au nikiache?

FundiKopo

Usinunue chochote kwanza. Maliza sebule, kaa wiki mbili. Jua la saa kumi likiingia jikoni linakitia kijani chako unjano, na unjano huo kwa mchanga wa sebuleni huenda ukawa salamu tosha. Kikiendelea kukukera, paka ule ukuta mmoja tu unaoonekana kutoka kwenye kochi, kwa masalio ya ndoo.

Na masalio yake yatie kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza hadi shingoni hewa isibaki, funga kwa nguvu. Kata ile karatasi ya namba ya mchanganyiko waliyobandika kwenye ndoo, izungushie chupa kwa gundi ya karatasi. Weka stoo juu kabisa, mwenye mashua asifikie.